Fahali wa Khayega na Fahali wa Misri

Tuliingia Kakamega usiku, baada ya safari ndefu ya treni na basi kutoka Mombasa. Tulipokwisha kuswali alfajiri tulielekea Khayega, ambako watu wa Isukha na Idakho huwapiganisha mafahali. Njiani, mmoja wetu alikuwa amesema kwamba watu wa huko humwabudu ng'ombe kama watu wa Firauni. Nasi, Mwenyezi Mungu atusamehe, hatukumkatalia.

Kweli, Misri ya kale ilikuwa na fahali wake. Katika mji wa Memphis aliadhimishwa fahali aitwaye Apis, mweusi mwenye alama nyeupe kipajini. Wasanii walimchonga akiwa na duara la jua baina ya pembe zake. Hakuwapo ila mmoja kwa wakati mmoja. Alipokufa alikaushwa kwa dawa, akazikwa Saqqara kwa heshima ya kifalme, kisha akatafutwa mwingine. Mwaka 1851 Mfaransa Auguste Mariette aliingia katika mahandaki ya makaburi hayo, akakuta majeneza ya mawe yenye uzito wa makumi ya tani.

Khayega hatukuona sanamu wala hekalu. Tuliona ukungu, umati wa watu, na fahali akisindikizwa kwa ngoma ya isukuti, ambayo mwaka 2014 UNESCO iliiorodhesha miongoni mwa turathi zinazohitaji kulindwa kwa haraka. Mafahali wawili walisukumana pembe kwa pembe hata mmoja akakimbia. Hilo halikutustarehesha, kwani dini yetu imekataza kuwapiganisha wanyama.

Tulimwendea mzee mmoja mwenye fahali, tukamwuliza, "Mzee wetu, huyu mnamwabudu?"

Akacheka. "Wageni wangu, huyu tunampenda. Mzee wa heshima akifa, mafahali huletwa kumuaga. Lakini huyu akizoea kushindwa, atauzwa kwa mchinjaji. Nani humwuza mungu wake akachinjwe?"

Tuliinamisha nyuso. Kisa cha ndama wa dhahabu tumekisoma tangu madrasa. Mpaka uliopo baina ya kupenda na kuabudu twaujua vyema. Tulichosahau ni kuuliza kabla ya kuhukumu. Tukamwomba mzee radhi kwa dhana tuliyokuja nayo, naye akatukaribisha chai nyumbani kwake, fahali akila majani mlangoni.