Mwachie mtoto ndege yake

Mtoto akishindwa jambo mara mbili mbele yetu, sisi wazazi mikono hutuwasha. "Lete hapa nikuonyeshe," tunasema, na kazi inakwisha dakika hiyo hiyo. Hamu ya mtoto nayo mara nyingi inakwisha hapo hapo.

Nimeliona hili kwenye kuunda ndege za kuchezea. Hapa Kimbiji watoto wanajua kurusha tiara tangu wadogo, maana upepo wa bahari haukosekani. Lakini upepo huo unaobeba tiara huitupa ndege nyepesi ya karatasi kwenye michongoma kabla haijaruka. Kwa hiyo Jumamosi jioni tunasogeza makochi, tunazima feni, tunafunga madirisha, na ndege zinaruka sebuleni. Tulianza na wanangu wawili. Sasa wakija wa majirani wanafika wanane.

Vifaa havihitaji safari ya Kariakoo. Mifupa ya ndege ni njiti za fagio la chelewa (mwenye fagio aombwe kwanza). Mabawa ni ile karatasi laini inayofungiwa viatu vipya. Gundi ni uji mzito wa unga wa ngano, unaopakwa kidogo sana kwa ncha ya njiti, kwani ikizidi ndege inakuwa nzito. Puani tunabandika kidonge cha udongo. Wembe anashika mtu mzima.

Duniani wapo waliobobea katika mchezo huu. Hurusha ndani ya kumbi kubwa ndege zenye uzito wa gramu moja na kitu, zinazosukumwa na mpira uliosokotwa, na zinaweza kukaa hewani zaidi ya nusu saa. Ni kazi ya kupendeza, lakini ukianza nayo kwa mtoto wa miaka saba utampoteza. Atavunja njiti tatu, atachafuka gundi, na jioni atakwenda zake bila kuona kitu kikiruka. Mgeni apewe ndege itakayoruka leo, kabla ya adhana ya magharibi.

Kwetu siku ya kwanza ni karatasi ya daftari iliyokunjwa, basi. Wiki inayofuata ndipo zinakuja chelewa. Mpira na pangaboi vinasubiri mpaka mtoto mwenyewe aulize, "Sasa yangu itajisukumaje?"

Pia hatushindani nani kafika mbali. Tunahesabu sekunde ndege inazokaa hewani, na kila mtoto anaandika zake. Mwaka 2010 Mjapani Takuo Toda alirusha ndege ya karatasi ikakaa sekunde 29.2. Sebuleni kwetu sekunde nne ni sherehe. Aliyepata mbili wiki iliyopita na leo kapata tatu anapigiwa makofi kama aliyepata tano.

Ufundi wa kuanzia ni mambo mawili tu. Ndege ikiinua pua kisha ikaporomoka, pua ni nyepesi, ongeza udongo. Ikipiga mbizi moja kwa moja, punguza. Mtoto akishayajua hayo, ndege ikianguka halii, anakwenda kuangalia pua. Na bawa likipinda kidogo, ndege itakwenda kwa kuzunguka, jambo ambalo ndani ya chumba ni faida kwa sababu haigongi ukuta.

Tuna sheria moja: anayecheka ndege ya mwenzake ndiye anayekwenda kuiokota. Na tuna saa moja ya kuanza, saa kumi na nusu. Tulipokuwa tunaanza saa nane, walikuja wavulana watupu. Wasichana walikuwa wakiosha vyombo na kuchota maji. Mmoja bado huja na mdogo wake mgongoni, na hakuna anayemuuliza. Yeye alianza kwa kutuhesabia sekunde, siku hizi mdogo wake akilala anaunda ya kwake.

Kuna mtoto wa miaka tisa aliyekuwa akija na baba yake, fundi seremala hodari. Bawa la kijana lilikuwa limekaa upande. Baba akalinyoosha, akabadilisha mkia, akapunguza gundi. Ndege ikaruka vizuri kuliko zote siku ile. Mwenzetu mdogo alikuwa amekaa mlangoni. Nilipomwambia aje aandike sekunde zake, akajibu taratibu, "Hiyo ni ya baba."

Wiki iliyofuata hakuja. Ya pili nilimwendea baba yake, tukazungumza kiungwana. Nikamwambia, kaka, njoo na mtoto, lakini safari hii utapewa chelewa zako na karatasi yako. Wakaja. Kila mmoja akaunda yake. Ya baba ilikaa sekunde tano, ya mtoto sekunde mbili, na sijawahi kusikia sekunde mbili zikitangazwa kwa sauti kubwa vile.

Mwaka 1878 huko Marekani, Askofu Milton Wright alirudi kutoka safari na kichezeo kilichoruka kwa mpira uliosokotwa. Akakirusha mbele ya wanawe, Wilbur wa miaka 11 na Orville wa miaka 7. Wakakichezea mpaka kikavunjika, kisha wakaanza kuunda vya kwao. Desemba 17, 1903 ndege yao yenye injini, Orville akiiendesha, ilikaa hewani sekunde 12 katika safari yake ya kwanza. Sidai kwamba sebuleni kwangu kuna rubani. Ninachokiona ni kwamba kichezeo cha kwanza kilitoka kwa baba, na vilivyofuata vilitoka mikononi mwa watoto.

Jumamosi hii mpe mwanao karatasi moja. Ukiona mikono inakuwasha, chukua na wewe yako, ukunje yako. Ya mtoto iache hata kama imekaa upande. Mwulize tu imekaa sekunde ngapi.