Hiyo Falsafa Utaila?

Mzee alinipigia wiki ya pili ya semista. Salamu fupi, kisha: “Mwanangu, hiyo falsafa utaila?” Aliuza kiwanja ili nifike hapa, kwa hiyo sikuwa na jibu. Fomu ya kuhama kozi ilikuwa tayari kwenye begi, bado sahihi tu.

Jioni ileile nilitakiwa kumsoma Leo Strauss kwa ajili ya semina. Nikatafuta madesa, nikakosa. Ikabidi nipige msuli mwenyewe.

Strauss alizaliwa mwaka 1899 Kirchhain, Ujerumani, katika familia ya Kiyahudi. Tangu ujana alisumbuliwa na swali moja: Myahudi aliyeonja falsafa aishi kwa sheria aliyoipokea kwa wazee wake, au kwa akili yake? Mwaka 1930 akatoa kitabu kuhusu Spinoza. Mwaka 1932 akaenda Paris kwa ufadhili. Mwaka uliofuata Hitler akashika madaraka, na nyumbani hakukurudika tena. Akapitia Uingereza, akaishia Marekani. Alianza kufundisha New School, New York, mwaka 1938, halafu Chicago kuanzia 1949.

Kilichonikamata ni namna alivyomsoma Maimonides, yule mwanachuoni na tabibu wa Kiyahudi aliyeishi Misri karne ya 12. Maimonides aliandika kitabu chake kikubwa kwa Kiarabu, lakini kwa herufi za Kiebrania. Nikamkumbuka bibi yangu wa Pangani, barua zake za Kiswahili kwa herufi za Kiarabu, ambazo mimi msomi wa ukoo siwezi kuzisoma! Maimonides mwenyewe anaonya mwanzoni kwamba baadhi ya mikanganyiko kitabuni ameiweka makusudi. Strauss akalishika onyo hilo: mtu anayeandika chini ya vitisho huficha wazo lake katikati ya mistari, na msomaji wa haraka halioni. Wanafunzi wa Chicago walisoma naye vitabu hivyo polepole, aya kwa aya.

Sikubaliani naye kila mahali. Anapoifanya elimu hii kuwa ngazi ya kuwatoa wachache kwenye umati, nasikia harufu ya dharau. Huo umati ndio mimi na mzee wangu. Lakini anasema pia kwamba wenye akili kubwa wanapingana wao kwa wao, hivyo lazima sisi wadogo tuamue nani yuko sahihi, ingawa hatuna sifa hiyo. Hapo niliweka kitabu chini. Nilikuwa nimezoea kukariri ili nisipate sapu. Kuamua hakuna aliyewahi kuniomba.

Jumapili nikampigia mzee, nikamsimulia yote. Akasikiliza, jambo ambalo si kawaida yake.

“Huyo Myahudi wako, kazi alipata?”

“Alipata, baba.”

“Na umri gani?”

“Karibu arobaini.”

Kimya. Halafu simu ikakatika, sijui ni salio. Fomu mwisho Ijumaa.