Siku Tano za Mombasa Pamoja na Watoto

Kila mwaka, shule za Kenya zinapofungwa kwa likizo ndefu ya mwisho wa mwaka, mabasi hujaa watoto. Wengine huenda mashambani kwa babu na nyanya zao. Wengine hutoka mashambani kwenda mijini kuwaona baba zao waliokuwa kazini mwaka mzima. Miongoni mwa hao wa pili walikuwamo binti wa miaka 9 na ndugu yake wa miaka 5, waliotoka upande wa Kakamega pamoja na mama yao. Baba yao ni karani mjini Nairobi, naye alikuwa amepata ruhusa ya siku 7. Alikusudia kuzitumia siku 5 katika hizo kuwaonyesha watoto mji wa Mombasa, kwa kuwa dada yake mkubwa ameolewa huko Likoni, na nyumba yake haikosi nafasi ya wageni.

Yule mdogo alipomwona baba yake kituoni alijificha nyuma ya mama yake, akanong'ona, "Huyu ndiye Baba wa simu?" Waliosikia walicheka, na baba mwenyewe akacheka, lakini neno hilo lilimkaa moyoni. Fedha za karo na za chakula hakukosa kuzipeleka hata mwezi mmoja. Kumbe mwanawe alimjua kwa sauti tu.

Safari ya Mombasa huanzia Syokimau, nje kidogo ya jiji. Gari la Madaraka Express lilianza kuchukua abiria mwaka 2017, likashika mahali pa gari la zamani lililokuwa likisafiri usiku kucha katika reli iliyoanza kujengwa kutoka Mombasa mwaka 1896. Siku hizi safari ni ya saa 5 au 6, na anayeondoka asubuhi huiona nchi ya Tsavo kwa macho yake. Huko ndiko simba wawili walikowaua wajenzi wa reli mwaka 1898, hata kazi ya daraja ikasimama kwa muda. Baba alikuwa ameitayarisha hadithi hiyo vizuri, akaanza kuisimulia. Hakufika nusu yake. "Ndovu mwekundu!" alipiga kelele yule mdogo, na watu wote wa behewa wakageukia dirishani. Ndovu wa Tsavo hujirushia vumbi la nchi yao, ambalo ni jekundu, hata ngozi zao zikafanana na udongo. Hadithi ya simba haikumalizika.

Walipokwisha pita Voi, mtoto alilala, kichwa chake juu ya mkono wa baba yake. Mkono ukafa ganzi. Mama alitaka kumwondoa, lakini baba alitikisa kichwa, akakaa vivyo hivyo mpaka Miritini.

Siku ya pili baba alitoa karatasi aliyokuwa ameandika mambo yote yapasayo kuonwa, nayo ilianza na Ngome ya Yesu. Hakika ni jengo la kustaajabisha. Wareno walianza kulijenga mwaka 1593. Waomani walilizingira tangu mwaka 1696 na kuliteka mwaka 1698. Baadaye likawa gereza tangu 1895 hata 1958. Leo ni makumbusho, na tangu mwaka 2011 limo katika orodha ya UNESCO ya urithi wa dunia. Baba aliyaeleza hayo yote, mwaka kwa mwaka. Binti alihesabu mizinga. Yule mdogo alikuwa amechuchumaa penye kivuli, akipitisha kidole ukutani.

"Baba, jiwe hili lina maua ndani yake."

Baba aliinama kutazama. Kuta za ngome ni za mawe ya matumbawe, na matumbawe ni kazi ya viumbe wadogo wa baharini. Alama zao zingali zaonekana katika jiwe kama nyota na maua madogo. Alikuwa amefika hapo mara mbili zamani, wala hakupata kuziona. Wakakaa wote wanne wakitafuta alama ukutani, na saa nzima ikapita.

Kutoka kisiwani kwenda Likoni hapana budi kuvuka kwa feri. Mwenye gari hulipa, bali aendaye kwa miguu havutozwi senti. Mkondo huo ndio mlango wa bandari ya Kilindini, na meli kubwa inapoingia, feri hungoja mpaka imepita. Jioni hiyo ilipita meli ndefu kuliko jengo lo lote ambalo watoto hao walikuwa wamewahi kuliona. Yule mdogo alipunga mkono, na huko juu kabisa baharia mmoja akapunga wake. Walipofika ng'ambo mtoto aliomba wavuke tena. Baba alitazama saa yake, kwa kuwa Shangazi alikuwa akiwangoja na chakula. Kisha akamshika mkono, wakarudi kisiwani, wakavuka mara ya tatu.

Nyumbani kwa Shangazi iko desturi kwamba kila mtu, baada ya kula, hutaja neno moja analoshukuru katika siku hiyo. Mama alishukuru kwa kufika salama. Binti alishukuru kwa mabuyu ya sukari yaliyompaka ulimi rangi nyekundu. Baba alipojitayarisha kuisifu ngome, yule mdogo alimtangulia: "Nashukuru kwa sababu Baba alikubali tuvuke tena."

Baba alinyamaza. Shangazi alimtazama ndugu yake, akasema polepole, "Mtoto umleavyo ndivyo akuavyo, ndugu yangu. Yeye hakuomba ngome."

Usiku huo karatasi ilirudi mfukoni, wala haikutoka tena. Siku zilizobaki walizipitisha pwani ya Likoni. Maji ya bahari hupwa na kujaa mara mbili kila siku, na yakipwa huacha vidimbwi miambani vyenye samaki wadogo. Watoto waliwafukuza kaa, nao kaa wakajitosa mashimoni mwao. Walijenga ngome ya mchanga, maji yakaja yakaichukua, wakajenga nyingine. Jioni moja walikaa chini ya mibuyu ya Mama Ngina, wakala mihogo ya kukaanga yenye ndimu na pilipili, wakatazama taa za meli zikiwaka moja moja. Hapo ndipo yule mdogo alipouliza, "Baba, huwa unakula na nani Nairobi?" Baba alijibu kweli, kwamba mara nyingi hula peke yake. Mtoto akamegea kipande cha muhogo wake, akampa.

Siku ya kuagana, kituoni Nairobi, mama na watoto walipanda basi la Kakamega. Baba alisimama chini ya dirisha hata basi likaondoka. Mtoto hakumwita tena Baba wa simu. Alilia, naye baba aliona kilio hicho ni heshima aliyokuwa hajaipata bado.

Wako wazazi wengi katika nchi hii ambao kazi imewatenga na watoto wao, na si wote wawezao kununua tikiti za kwenda Mombasa. Lakini kuvuka kwa feri ni bure, na kutazama ukuta ni bure, na katika kila kaunti uko mto, au kilima, au soko ambalo mtoto angependa kulipita pamoja na baba yake. Mtoto wa miaka 5 atakuwa wa miaka 6 likizo ijayo, na yale ambayo angeyauliza mwaka huu hatayauliza tena. Apewaye siku saba na azishukuru zote saba, na mtoto akimwomba wavuke tena, na wavuke.