Kitabu cha Tippu Tip na Vita vya Nsama

Mwaka 1867 Hamed bin Muhammed, maarufu kwa jina la Tippu Tip, alimshinda Nsama, mtemi wa Watabwa, mashariki ya Ziwa Mweru. Akateka pembe za ndovu kwa wingi. Uzeeni aliandika maisha yake kwa Kiswahili, yakachapishwa Berlin miaka ya 1902 na 1903.

Ni Kiswahili kitamu mno, na hapo ndipo penye hatari. Kijana wa askari husoma akihesabu bunduki. Baba yake na amwulize: akina mama wa Kitabwa waliokimbia na watoto mgongoni, nani aliwaandikia habari zao?

Livingstone aliyangoja mapatano miongoni mwa wafanyabiashara hao. Akafika Mweru tarehe 8 Novemba.