Baiskeli ya Muadhini

Mwezi uliopita, baada ya Swala ya Alfajiri, muadhini wetu hakuikuta baiskeli yake uani mwa msikiti. Siku ya tatu nikaiona picha yake mtandaoni, inauzwa. Tulipompigia muuzaji, akauliza: "Ushahidi wenu nini?" Tukanyamaza. Namba iliyogongwa kwenye fremu, chini penye ekseli ya pedali, hatukuwahi kuiandika.

Sasa nimefungua daftari msikitini: jina la mwenye baiskeli, rangi, namba ya fremu. Nawe mnunuzi, kabla ya kutoa fedha, iulize namba hiyo. Muuzaji akisita, iache. Anayenunua mali aijuayo kuwa ya wizi amemsaidia mwizi, na Qur'an (5:2) imetukataza kusaidiana katika dhambi.

Muadhini wetu bado huja kwa miguu.