Mtoto Aliaye Miguu Usiku

Katika mitaa ya Bujumbura, kuanzia Buyenzi na Bwiza hadi Kamenge na Kanyosha, kuna kilio kimoja ambacho wazazi wengi wenye watoto wadogo wanakifahamu. Mtoto ameshinda mchana kutwa akirukaruka, amekula ugali wake na ndagala, amelala salama. Yapata saa tano au saa sita za usiku huamka akilia, ameshika miundi au nyuma ya magoti, akisema miguu inamuuma. Hana jeraha, hana uvimbe, wala mwili wake hauna joto la homa. Kunapopambazuka huonekana uani akifukuzana na wenzake kana kwamba hapakutokea jambo. Zikipita siku tatu au nne, au hata majuma mawili, kilio hurudi.

Kilio hicho kimezusha ugomvi katika nyumba nyingi. Baba, ambaye hana budi kuamka alfajiri aende kazini, husema mtoto anadeka na kwamba mama yake ndiye aliyemwendekeza. Mama hujibu kwamba mguu hauumi bure. Bibi wa mtoto, akisikia mabishano hayo kutoka chumba cha pili, humwambia mwanawe: "Mwacheni, baba, anakua huyo. Nawe ulikuwa ukinililia hivi hivi." Kisha asubuhi huja jirani, naye hunong'ona kwamba kuna mtu mwenye kijicho amemtazama mtoto vibaya. Ukichunguza, kila mmoja wao ana punje ya ukweli, isipokuwa jirani.

Neno la bibi ni la zamani, na si la Waafrika peke yao. Mnamo mwaka 1823 mganga mmoja wa Kifaransa aitwaye Marcel Duchamp aliandika juu ya maradhi ya kukua, na tangu hapo madaktari wa Ulaya wakaendelea kuyaita maumivu haya kuwa ni maumivu ya kukua. Hata hivyo jina hilo halilingani na mambo yalivyo. Mtoto hukua upesi sana katika mwaka wake wa kwanza, kisha tena anapobaleghe, lakini maumivu haya aghalabu huwapata watoto wenye umri wa baina ya miaka mitatu na kumi na miwili, yaani wakati ule ambapo kukua kumepungua mwendo. Zaidi ya hayo, mfupa hurefuka karibu na maungio, ilhali mtoto huonyesha paja, muundi au shavu la mguu. Sababu hasa haijathibitishwa mpaka leo. Wapo wataalamu wanaodhani ni uchovu wa misuli baada ya michezo mingi, na wengine wameona kwamba watoto hao huhisi maumivu upesi kuliko wenzao. Lililo wazi ni kwamba jambo hili huandama koo. Mzazi aliyelia miguu utotoni asistaajabu kumsikia mwanawe akilia vivyo hivyo, na kwa hiyo bibi alikuwa na haki ya kukumbusha.

Ama baba anayesema mtoto anadeka, na afikiri kidogo. Mtoto anayetaka kukwepa shule huumwa asubuhi, wakati wa kuvaa viatu. Ni nani atakayejikatizia usingizi mtamu wa usiku wa manane ili apate kudanganya? Maumivu ni ya kweli, hata kama mganga hakuti kitu mguuni. Kumkemea mtoto kwa ajili yake ni kumfundisha kunyamaza, na mtoto aliyekwisha kujifunza kunyamaza hatasema siku atakayopatwa na ugonjwa wenye hatari.

Dawa kubwa ya maumivu haya ni mkono wa mzazi. Achuliwe mguu polepole, kutoka kifundoni kwenda juu, kwa mafuta yoyote yaliyomo nyumbani, na mawese yanafaa kama mengine. Kitambaa kilicholoweshwa maji ya moto kiasi na kukamuliwa vizuri, kisha kikazungushwa muundini, huleta nafuu. Lakini kwanza mama akijaribu kwenye mkono wake mwenyewe, maana ngozi ya mtoto huungua upesi. Kwa kawaida usingizi hurudi kabla ya saa kupita. Usiku ulio mgumu mtoto aweza kupewa paracetamol kwa kadiri ya uzito wake, kama alivyoelekezwa mzazi na muuguzi. Aspirini asipewe, kwani kwa watoto imepata kuleta madhara makubwa ya ini na ubongo. Tena asichanjwe chale za wembe magotini. Chale haziponyi maumivu haya, na wembe uliotumiwa na mwingine huweza kumtia mtoto maradhi ya damu ambayo hakuwa nayo.

Basi tatizo liko wapi? Liko katika kuzoea. Nyumba ikishazoea kusema "anakua", kila maumivu ya mguu hupewa jina hilo, na yapo maumivu ambayo hayastahili kungojewa. Maumivu ya kawaida hupata miguu yote miwili, na asubuhi hayapo. Mtoto anayeumwa mguu mmoja tu, mahali pale pale kila siku, anayechechemea asubuhi, mwenye goti lililovimba au lenye moto, mwenye homa, anayekonda, au aliyepauka viganja na midomo, huyo apelekwe kwa mganga siku ile ile. Yawezekana usaha umeingia mfupani, au maungio yameshikwa na homa inayofuata maumivu ya koo ambayo baadaye hudhuru moyo. Yawezekana pia ni ugonjwa wa damu.

Miongoni mwa magonjwa ya damu, seli mundu yafaa kutajwa peke yake, kwa sababu imo katika bonde la Imbo na katika nchi zinazolizunguka Ziwa Tanganyika. Daktari James Herrick wa Chicago aliieleza mwaka 1910, baada ya kuona katika damu ya kijana mmoja chembe zilizopinda kama mundu. Chembe hizo huziba mishipa midogo, na mifupa hukosa damu ikauma mno. Mtoto mchanga huvimba vidole na nyayo. Aliye mkubwa zaidi hupata macho ya manjano, na maumivu humzukia akipigwa na baridi, akishikwa na malaria au akikosa maji ya kutosha. Hayo hayatulii kwa kuchuliwa, wala hayangoji usiku. Hapa kuna waume ambao huwatupia wake zao lawama, wakidai ugonjwa umetoka ukoo wa mama. La hasha! Mtoto hupata ugonjwa huu kwa kurithi kutoka pande zote mbili, kwa baba na kwa mama, na aghalabu wote wawili ni wazima. Kipimo cha damu hukata shauri.

Gharama nayo haina budi kusemwa. Tangu Mei 1, 2006, serikali ya Burundi iliondoa malipo ya matibabu kwa watoto walio chini ya miaka mitano katika vituo vya umma. Lakini maumivu ya miguu huendelea baada ya umri huo, wakati mzazi anapoanza kuhesabu faranga kabla ya kuondoka nyumbani. Kwa hiyo mama asiye na uhakika na afungue daftari kuukuu la shule, aandike tarehe, saa mtoto aliyoamka, mguu upi uliouma na mahali gani, kama alikuwa na homa, na jinsi alivyotembea asubuhi. Akiona lolote katika dalili zile za hatari, asingoje ukurasa ujae. Asipoliona, majuma matatu ya maandishi hayo yatampa mganga mengi ambayo mtoto mwenyewe, akiwa amelazwa juu ya kitanda cha kupimiwa mchana na miguu haimuumi, hawezi kuyaeleza.