Safari ya Kitulo na Glavu Zilizolowa

Mama mkwe wangu anaishi Kyela, nasi nyumbani kwetu ni Makambako. Kila mwaka tulikuwa tukienda kumsalimia kwa basi, sisi na watoto wetu watatu. Lakini Machi 2017 mume wangu alikuja na wazo jingine: watoto wabaki kwa dada yangu, nasi wawili twende kwa pikipiki, polepole, tukipitia Kitulo kuyaona maua.

"Mama watoto," aliniambia, "tangu tuoane hatujasafiri peke yetu hata siku moja."

Nilicheka, lakini moyoni nilifurahi sana.

Njia ya kawaida ni kwenda mpaka Uyole, kisha kushika barabara ya Tukuyu. Sisi tuliiacha barabara kuu pale Chimala, tukaanza kupanda mlima kwenda Matamba. Njia hiyo huitwa Hamsini na Saba, kwa sababu ya kona zake 57. Ukiwa umepakiwa nyuma ya pikipiki, kila baada ya kona unaliona bonde la Usangu likizidi kuwa mbali chini yako, na hewa inazidi kuwa baridi. Uwanda wa Kitulo wenyewe uko mita 2,600 hivi kutoka usawa wa bahari. Huko mvua huanza Novemba na kuendelea kwa miezi mingi, na ndiyo inayoyaleta maua.

Tulikuwa na machela mbili. Kama hujaiona, machela ni kitambaa imara kinachofungwa kwenye miti miwili, nawe ukalala ndani yake ukining'inia. Ni nyepesi, hukunjwa ikawa ndogo, na ardhi ikilowa wewe huna habari. Kwa mtu wa pikipiki, ambaye nafasi yake ya mizigo ni ndogo, ni kitu cha kufaa sana. Lakini ina kasoro moja. Mwenye hema huingiza vitu vyake ndani na kufunga mlango. Mwenye machela huingia peke yake. Koti, mabuti, glavu na kofia ngumu hubaki nje bila nyumba.

Jioni ile tulifika karibu na Matamba. Tulimwamkia bibi mmoja mwenye shamba la viazi na safu ya miti ya misindano pembeni, tukamwomba ruhusa ya kulala hapo. Alitutazama kwa mshangao, kisha akakubali. Mawingu yalikuwa yamekwisha kutanda.

"Nisaidie tufunge turubai kwanza," mume wangu alisema.

"Nimechoka, Baba watoto," nilimjibu. "Tufunge machela kwanza, nijinyooshe kidogo."

Alinisikiliza. Mvua ikashuka turubai likiwa limefungwa upande mmoja tu. Nilirukia ndani ya machela yangu, naye akahangaika na kamba peke yake gizani. Makoti yetu mazito ya safari nilikuwa nimeyaacha juu ya kiti cha pikipiki. Mabuti yalisimama wima kwenye majani, midomo ikiitazama mbingu. Glavu zake, alizonipa nizishike, nilikuwa nimeziweka juu ya tangi la petroli. Nilijiambia kwamba nitavitoa mvua ikipungua. Haikupungua. Usiku wa manane nilisikia mgongo wangu una maji. Yalikuwa yakitiririka kwenye kamba kutoka mtini mpaka ndani ya machela. Nguo zetu za akiba zilikuwa kwenye mifuko laini ya plastiki, nayo ilikuwa imechanika. Mume wangu alivua sweta lake, akanifunika. Sikumwuliza yeye atajifunika nini.

Asubuhi tulimimina maji kutoka kwenye mabuti. Tulivaa makoti mazito kama magunia yaliyotolewa mtoni, tukaondoka kwenye ukungu. Hatukufika mbali, labda kilometa moja. Kwenye mteremko mmoja nilimwona anauangalia mkono wake wa kulia kana kwamba si wake. Breki ya mbele hukamatwa kwa vidole vya mkono huo, navyo vilikuwa vimekufa ganzi kwa baridi ya glavu zilizolowa na upepo. Hakuweza kuibana breki kwa wakati. Pikipiki iliteleza kwenye tope, tukaangukia mtaroni.

Hatukuumia, ila goti langu lilichubuka. Lakini nilipokuwa nimelala pale kwenye majani yenye maji, niliwaona watoto wangu watatu kwa dada yangu, wakinywa uji, wakingoja turudi. Nikazitazama zile glavu. Ni mimi niliyeziacha mvuani.

Nilimngoja mume wangu anilaumu. Alinipangusa tope usoni, akaniuliza, "Umeumia wapi?" Hakusema jingine. Hilo ndilo lililoniliza.

Tulirudi kwa yule bibi tukiisukuma pikipiki. Alitukalisha jikoni kwake, akatupa viazi vya moto na blanketi. Juu ya jiko lake kulikuwa na uchaga uliojaa kuni kavu kabisa, wakati nje kila kitu kilikuwa maji. Nilimwuliza anawezaje.

"Mwanangu," alisema, "mimi kuni naziweka ndani jua likiwaka. Mvua ikianza, hiyo ni saa ya kukaa ndani, si saa ya kutafuta paa."

Tulishinda kwake siku nzima tukikausha vitu. Kesho yake jua lilitoka, tukavuka Kitulo. Wenyeji huuita uwanda huo Bustani ya Mungu, nao umekuwa hifadhi ya taifa tangu mwaka 2005. Kuna takriban aina 350 za mimea, zikiwamo aina 45 za okidi. Tuliyaona maua meupe, ya njano na ya zambarau yakitanda mpaka macho yanapoishia. Mume wangu alisimamisha pikipiki, tukakaa kando ya barabara bila kusema neno. Kisha tukateremka Isyonje, tukapita mashamba ya chai na migomba ya Rungwe, tukafika Kyela salama.

Tangu hapo tumekwenda tena mara kadhaa. Mama mwenzangu, ikiwa nawe utasafiri hivyo, au mumeo husafiri kikazi na kulala njiani, haya ndiyo tuliyojifunza.

Kwanza, turubai hutangulia kila kitu, hata kama jua linawaka. Tandaza kamba kati ya miti miwili, lifunge kama paa la nyumba, na upande unaotoka upepo ulishushe chini zaidi. Liwe kubwa la kutosha kufunika machela na mavazi. Miti nayo ichague. Mgomba si mti. Tulijaribu siku moja huko Rungwe, nikajikuta chini. Mkaratusi wenye matawi makavu nao uuepuke.

Pili, funga kipande cha uzi mnene wa pamba kwenye kila kamba ya machela, chini ya turubai, kining'inie kidogo. Maji yakija na kamba yataufuata uzi na kudondoka chini kabla ya kukufikia.

Tatu, chini ya turubai funga kamba ya nguo. Koti na suruali za safari zitundike hapo zikiwa wazi, si juu ya pikipiki. Hata pasipo mvua, umande na ukungu wa milimani hulowesha kila kilichoachwa nje. Kofia ngumu itundike kwa mkanda wake, mdomo ukiangalia chini.

Nne, mabuti yatolewe soli za ndani na kujazwa magazeti makavu, yabadilishwe yakilowa. Kisha yapachike juu ya vijiti, nyayo zikiwa juu, ili mvua na wadudu visiingie. Usiyaweke karibu na moto, kwani ngozi hupasuka na gundi huachia. Wala glavu usiziweke kwenye ekzosi ya moto. Zikamue kwa kuzibana ndani ya kanga kuukuu, bila kuzinyonga, kisha zitundike.

Tano, uwe na nguo za kulalia ambazo huendeshi nazo pikipiki kamwe. Sisi tunaziweka, pamoja na soksi na jozi ya pili ya glavu, ndani ya ndoo yenye mfuniko wa kubana, iliyofungwa nyuma kwa mipira. Asubuhi, kama koti bado lina unyevu, vaa hilo hilo na uzirudishe zile kavu ndooni. Utatamani sana kubaki nazo, lakini ukizilowesha, usiku unaofuata huna kitu. Glavu tu ndizo tunazobadilisha. Na mikono ikianza kufa ganzi, simameni mpate moto. Safari itangoja.

Mwaka uliofuata tulipopita Matamba, tulimpelekea yule bibi sukari na kanga. Tulipomwamkia alitupokea kwa furaha, lakini kabla hajatuuliza habari za watoto aliishika mikono ya mume wangu, akaipapasa kuona kama ina joto. Kisha akanitazama mimi, akatikisa kichwa kuonyesha kwamba ameridhika.